Historia ya Marehemu Fundi Mwashi, Mlinzi wa Uwanja wa Chemchemi

Ndugu waombolezaji, mimi ni dada mdogo wa marehemu, yule aliyeniita Kasuku tangu utotoni, na familia imenipa kazi ya kuwasomea historia hii kwa sharti kwamba nisitie chumvi, nami nitajitahidi.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 3 Agosti 1957, mtoto wa pili kati ya sita, akasoma shule ya msingi ya hapa mtaani kuanzia 1965 hadi 1971, na kwa kuwa karo ya sekondari haikupatikana akaenda kwa mjomba kujifunza uashi, kazi aliyoifanya kwa miaka arobaini na minane, na kuta zake zimesimama wima kuliko baadhi yetu tuliokaa hapa. Alimwoa wifi yangu tarehe 12 Desemba 1981, wakajaliwa watoto wanne na wajukuu saba.

Mwezi Mei 2015 tajiri mmoja alishusha lori la nondo kwenye uwanja wa chemchemi, huo ulio nyuma ya nyumba zetu tunakochota maji sote, akidai ameuziwa, kaka akakusanya majirani, akaenda ofisi ya ardhi mara kumi na tisa mpaka soli za viatu zikaisha, na mwaka uliofuata kesi ikafika mahakamani. Mpima ardhi alipotumwa tarehe 6 Februari 2017, kaka kwa kujiamini alimwambia aanzie nyumbani kwake, loo, kamba ikapita katikati ya jiko! Jiko hilo alilijenga mwenyewe akiamini ua wa michongoma ndio mpaka, kumbe mama alipoupanda alipima kwa hatua, na hatua za mama zilikuwa ndefu zikielekea uwanjani. Wakili wa tajiri alicheka mpaka akakohoa.

Kesho yake asubuhi kaka alishika nyundo akalibomoa jiko lote, wifi akapikia barazani miezi minane, miwili ya kwanza hakumsemesha mumewe, na nani angemlaumu, mvua ilikuwa ikiingia sufuriani. Sisi majirani kumi na mmoja tuliokuwa tumeumega uwanja kimyakimya, mimi nikiwemo na banda langu la kuku, tuliona haya, tukarudi nyuma ndani ya wiki ile, na tarehe 14 Machi 2019 mahakama ikaamua kwamba uwanja ni mali ya umma. Nilimwonea fahari sana, sikumwambia, na hilo linaniuma.

Figo zilianza kumsumbua Juni 2022, akalazwa mara tatu, na tarehe 21 Oktoba 2024, saa nne asubuhi, alifariki mkono wake ukiwa mikononi mwa wifi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, mafundi wenzake waliompa damu, na majirani mliotupikia siku zote hizi. Kamati ya mtaa iliomba tumzike kando ya chemchemi, ombi lililotutoa machozi, lakini mwenyewe alikuwa amesikia fununu zake wodini akakataa katakata, akasema akikatiwa yeye kipande leo, kesho mwingine atadai chake, kwa hiyo tunampeleka makaburini pamoja na watu wote.

Pumzika kwa amani, kaka, uwanja umetuachia mzima, hata futi zako sita hukuzichukua.