Umulkheir Waqo na Bodi Mbili za Korbesa

Tarehe 6 Februari 2019, saa nne asubuhi, pampu ya kisima cha Korbesa ilisimama, na kwa siku mbili haikutoa maji. Kosa lilikuwa la Umulkheir Waqo Chachu. Aliliandika mwenyewe katika kumbukumbu za kazi yake, kwa jina lake kamili, na liko humo hadi leo kwa yeyote anayetaka kulisoma.

Marehemu alizaliwa Biliqo tarehe 9 Agosti 1983, mtoto wa tatu wa Mzee Waqo Chachu, dalali wa mifugo, na Bi. Ebla. Alisoma shule ya msingi Merti na sekondari mjini Isiolo, kisha akahitimu uhandisi wa kompyuta Nairobi mwaka 2007.

Likizo alizipitisha na babake kwenye soko la mifugo la Isiolo. Alikuwa na miaka kumi na mmoja siku wanaume wawili wa familia moja walipofika kuulizia ng'ombe aliyepotea. Mmoja alimtambulisha ng'ombe huyo kwa rangi na doa la tumboni. Mwingine alisema tu ni binti wa yule ng'ombe mwenye pembe moja.

"Baba, hawa wanatafuta ng'ombe wawili?"

"Ni moja tu. Huyu anaijua kwa ngozi, huyu anaijua kwa mama yake. Ukisikia yote mbili na zinaelewana, hapo ndio unajua si ya wizi."

Mwaka 2010 aliolewa na Abdirahman Huqa, msafirishaji wa mjini Isiolo. Walijaliwa watoto wawili, Nasteha na Guleid.

Alirudi Isiolo mwaka 2014 na kujiunga na kampuni ndogo inayofunga bodi za kompyuta kwenye visima. Kazi yake ilikuwa kwenye kerneli, ile sehemu ya ndani ya mfumo wa kompyuta inayosimama kati ya programu na vifaa. Kerneli haiwezi kuendesha pampu bila kuambiwa kwanza kwamba pampu ipo, na iko wapi. Bodi mpya hujieleza zenyewe, kwa jedwali lililohifadhiwa ndani yake. Bodi za zamani hazisemi kitu. Lazima mtu aziandikie faili ya maelezo.

Mwaka 2018 wahandisi wenzake walitaka kerneli isikilize jedwali peke yake. Umulkheir alikataa, kwa sababu bodi inayopima maji ya tangi la Korbesa ilikuwa ya zamani. Aliandika njia moja ya kuuliza: programu inauliza pampu iko wapi, na kerneli inatafuta jibu, liwe kwenye jedwali au kwenye faili.

Januari 2019 Korbesa ilifungiwa bodi ya pili, mpya, ya kuendesha pampu. Ilikuja na jedwali lake. Umulkheir akaiandikia faili pia, na akairuhusu kerneli ipokee yote mawili, kama babake alivyokuwa akifanya sokoni. Tarehe 6 Februari kerneli ikahesabu pampu mbili mahali palipo na moja, kila moja ikabaki ikingoja nyingine iachie swichi, na maji yakakatika.

Alikwenda Korbesa mwenyewe. Bi. Deka, mwenyekiti wa kamati ya maji, alimpokea kwenye birika kavu la kunyweshea mifugo.

"Salaam aleikum, injinia. Ng'ombe wamekuja kukusalimia."

"Aleikum salaam, Mama Deka. Mashine haina makosa. Makosa ni yangu."

"Sasa hayo makosa ndio tutakunywa?"

Alirekebisha akiwa ameketi ukingoni mwa birika. Tangu siku hiyo, kerneli ya kila bodi inapowaka huchagua maelezo ya aina moja na kuacha mengine. Inazijua njia zote mbili, lakini haizichanganyi kamwe. Mzee Waqo alipoelezwa, alisema, "Kumbe hiyo mashine haijui ng'ombe."

Juni 2024 aligunduliwa kuwa na saratani ya matiti. Septemba mwaka huu wa 2025 waangalizi wa kerneli, wale wanaoitunza na kupitisha mabadiliko yake, waliuliza nani atashika sehemu ya bodi za zamani baada yake. Sehemu isiyo na mwangalizi ingefutwa Desemba, na bodi ya tangi la Korbesa ingebaki bila matoleo mapya ya kerneli. Alimfundisha mwenzake wa kazini, Ikra Yattani, akiwa kitandani.

"Soma hapo tena."

"Nimesoma mara tatu, dada."

"Sasa soma kama wewe ndiye Mama Deka."

Jina la Ikra liliingizwa kwenye orodha ya waangalizi tarehe 8 Novemba 2025. Umulkheir alifariki nyumbani siku tatu baadaye, Jumanne tarehe 11, akiwa na umri wa miaka arobaini na miwili. Amezikwa leo, Jumatano.

Ameacha mume, watoto wawili, wazazi wake wote wawili, kaka wawili na dada mmoja. Mwenyezi Mungu amrehemu na ampe pumziko jema.

Jumatatu tarehe 17, Ikra atasafiri kwa lori la Abdirahman hadi Korbesa kuweka toleo jipya kwenye bodi ya zamani. Bi. Deka amesema atamngojea kwenye tangi.