Mrithi Amefika Salama Al-Sulay

Mheshimiwa bosi wetu, uliyetufungulia ghala lako hapa Al-Sulay, Mchungaji Titus, wazee wa Umoja wa Wakenya wa Riyadh na Jeddah, akina mama wa mtaa wa Karantina, Jeddah, niliowaleta mwenyewe kwa gari, nanyi vijana mliokaa karibu na sufuria: nawasalimu nyote, hata wanaonuna. Bosi hajui Kiswahili, na leo hiyo ni baraka. Elly, mkalimani wetu, usimtafsirie neno mpaka nikuambie.

Mimi ndimi Naftali, mwenyekiti wenu na dereva. Shule niliiacha mapema, lakini barabara ya Jeddah naijua kuliko walioichora. Leo mnaniaga, narudi Vihiga. Lieni, mna haki: dereva kama mimi hamtapata.

Niliposema simu ya umoja, ile inayopigwa na kila binti aliyefungiwa na kila kijana aliyelazwa, nitamwachia Priscilla wa Aziziya, mlisemaje? "Mzee, huyo ni mfanyakazi wa ndani, yuko Jeddah, madam wake hamwachii hata aende dukani!" Kabla sijafunga mizigo, kiti kikapata wenyewe. Hezron akasema ni chake kwa sababu ikama yake, kile kibali cha kuishi huku, ni ya zamani. Danson akasema ni chake kwa sababu binamu ya mama yake alikuwepo umoja ulipoanzishwa. Kisha ninyi, watu wazima wenye ndevu, mkaenda kumwomba bosi awachagulie! Akajibu nini? "Nitachagua, lakini kwanza semeni umoja ni wangu."

Ndugu zangu, haya yamewahi kutokea. Nilimwendesha Mskoti mmoja, mhandisi, na foleni za Riyadh zikamfanya anisimulie nchi yao yote. Zamani mfalme wao alianguka na farasi, akafa. Aliyebaki kurithi ni mjukuu, mtoto wa kike, yuko Norwe. Wakamwita. Akafa kabla hajafika. Wakajitokeza wenye kiti kumi na watatu, kila mmoja na nyanya yake wa kifalme, akina Hezron watupu! Wakamwomba mfalme jirani, Mwingereza, awaamulie. Naye akasema: kwanza kubalini mimi ni mkubwa wenu. Wakakubali. Kujinasua mikononi mwake kuliwagharimu vita vya miaka na miaka.

Sasa nawauliza: kama aliyetumwa kumleta yule mtoto angekuwa mimi? Ningemfunika blanketi, ningempa chai ya tangawizi, ningesimama kila kisiwa anyooshe miguu. Angefika! Tena alikuwa ameposwa na mtoto wa kiume wa yule yule jirani. Je, jirani angekuja kuwatawala? Angekuja kama mkwe. Na mkwe, kwetu, hukaa karibu na mlango, hali mpaka abembelezwe, wala hapandishi sauti. Vita vyote vile vilikosa dereva tu.

Ndiyo maana juzi niliwasha gari nikaenda Aziziya. Madam akasema mafi, hakuna ruhusa. Nikaketi langoni. Akatoka tena: "Baba, bado upo?" Nikamwambia nipo, na mkeka ninao. Mamake madam, mzee kuliko mimi, akachungulia. "Mpe msichana likizo yake, huyu atatufia mlangoni!" Hapo nikaanza kukohoa. Yalla, tukaondoka.

Mnacheka? Mtazameni yule wa kitenge, pale nyuma. Njiani simu ya umoja ililia, mimi niko kwenye usukani. Akaipokea. Binti analia, hajui hata yuko mtaa gani. Priscilla akamwambia, "Dada, usikate. Chungulia dirishani, nisomee bango lolote unaloliona." Tulipoingia Riyadh, binti yule alikuwa ameshapata watu wetu mlangoni. Hezron, wewe ungeanza na kumwuliza ikama yake ni ya mwaka gani.

Priscilla, mama, njoo mbele uchukue simu. Hezron na Danson, mpisheni; mmoja wenu atambebea chaja.

Asanteni kwa kuivumilia njaa mkinisikiliza. Elly, sasa mtafsirie bosi. Mwambie ghala ni lake, na tunamshukuru. Umoja ni wetu. Na mrithi amefika salama. Halas.