Mfupa Ulikuwa Wake Mwenyewe

Assalam aleikum ndugu, jamaa na majirani. Mimi ni Rizuane Mamudo, kaka wa marehemu, familia imenipa karatasi hii niisome, na naomba mnisamehe sauti yangu ikipanda.

Marehemu Awa Mamudo alizaliwa hapa Mute tarehe 14 Agosti 1988, mtoto wa tatu wa mzee Mamudo na mama Saquina, akasoma shule ya msingi hapa hapa, sekondari Palma, kisha ualimu Pemba, akamaliza Novemba 2009, na Februari 2010 akaanza kufundisha darasa la kwanza, ndiye aliyewafundisha kusoma wengi wenu mlioketi mbele yangu. Tarehe 5 Mei 2012 aliolewa na shemeji yetu Tarique, wakajaliwa watoto wawili, Rafique na Wahida.

Mwaka 2017 alianza kuumwa mguu wa kulia, chini ya goti, akapewa vidonge vya maumivu miezi saba, mimi mwenyewe nikampeleka Diaca kwa mganga akachanjwa chale, Mungu anisamehe, hadi muuguzi Natércia, mgeni aliyehamishiwa huku kutoka Maputo, aliposema kwa hasira, "Huyu hahitaji vidonge, anahitaji picha ya mfupa!" Picha ikaonyesha saratani. Akapelekwa Maputo, huko alitiwa dawa za dripu, nywele zote zikanyonyoka, na tarehe 9 Oktoba 2018 daktari Virgílio, badala ya kuukata mguu, aliutoa mfupa mgonjwa, kipande cha shibiri nzima, akachukua ule mfupa mwembamba unaokaa pembeni mwa mguu wake wa kushoto, akaupandikiza pale, akaufunga kwa chuma na skrubu.

Mguu wake mwenyewe. Nasema tena, mguu wake mwenyewe.

Lakini aliporudi Mei 2019 na magongo, mtu wa hapa hapa alieneza kwamba amewekewa mfupa wa maiti, basi ikawa chakula chake hakiliwi, swala yake inatiliwa shaka, wazazi wakawahamisha watoto darasani kwake, na shemeji Tarique, ameniruhusu kulisema, alirudi kwao miezi minne. Siku alipokuja kuchukua nguo zake, Awa alipandisha kapulana yake, akamwonyesha kovu la mguu wa kushoto, akamwambia, "Baba Rafique, mfupa ulitoka hapa. Gusa." Akagusa, akalia, nguo zikabaki.

Machi 2021 tulipokimbia vita, mguu ule wa kulia ulitembea porini siku tatu, Wahida akiwa mgongoni, tena ukawapita wengi wenye midomo mirefu.

Mwaka jana saratani ilirudi, safari hii kwenye mapafu, akafariki nyumbani kwake jana, tarehe 3 Juni 2025, saa tisa alasiri. Na leo asubuhi, ndugu zangu, leo hii, katikati ya kuosha, mtu ametoka nje kuniuliza kama mfupa ule utolewe kwanza, arudishiwe mwenyewe. Mwenyewe ndiye huyo mliyekuwa mnamwosha!

Tunamshukuru daktari Virgílio, muuguzi Natércia, walimu wenzake waliomshikia darasa alipokuwa hospitali, na majirani mliochota maji na kupika tangu jana, hata nyinyi niliowakaripia, maana mmekuja.

Dada yangu, umechoka kueleza, sasa tutaeleza sisi. Lala kwa amani.