Nilipoacha Kuita Maneno kwa Rangi Zake

Ndugu zangu mliokohoa mkapona, na ninyi ambao bado mnameza vidonge na leo mmejikaza kufika hapa Buzebazeba, nawasalimu. Wazee wangu, shikamooni. Naona Waislamu na Wakristo mmebanana benchi moja, na ni sawa, maana kifua kikuu hakimuulizi mtu anasali wapi. Mwenyekiti ameniambia niseme kwa ufupi. Mwenyekiti ananijua, na bado ameniomba jambo gumu hivyo.

Sitataja jina la mtu. La kwangu mnalo, na asiyelijua aulize Kibirizi, atapelekwa mpaka mlangoni.

Shule niliishia darasa la nne. Nalisema bila aibu, kwa sababu kwa miaka mingi boti ikipita pale Kibirizi watu wakageuza shingo, ujue brashi yangu imepita hapo. Babu yangu alikuja Ujiji kutoka ng'ambo ya ziwa. Baba yangu alibeba magunia ya dagaa mpaka mgongo ukapinda. Mimi nikasema hapana, mgongo wangu ni wa kunyooka. Nikajifundisha kupaka rangi peke yangu, kwa kuharibu mbao za watu, na nilipoacha kuziharibu nikawa fundi ambaye wenye boti wanampangia foleni.

Niwaambie kidogo kazi yangu, mtaona mbele kwa nini. Mwenye boti akija, hatuanzi na brashi. Nachukua mkaa, tunaizunguka boti yeye na mimi, naandika juu ya kila sehemu jina lake: mbele, mkanda, ubavu, tumbo, nyuma. Ndipo namuuliza, "Mkanda?" Anasema njano. "Ubavu?" Anasema bluu. Mwaka unaofuata anarudi na mawazo mengine, mkanda unakuwa mweupe, ubavu unakuwa kahawia. Hakuna ubishi, tunazunguka tena na mkaa.

Basi nikaugua. Ilikuwa miaka ile ndugu zetu wa Burundi walipokuwa wanamiminika tena upande huu, wanashuka na vifurushi na watoto, hospitali imejaa mpaka veranda. Nikapimwa, nikaambiwa ni kifua kikuu. Nilimeza dawa kama nilivyoagizwa, sikuruka siku. Kikohozi kikakata, suruali zikaanza kunitosha tena. Mama watoto akaanza kunigombeza kama zamani, nikajua nimepona.

Lakini katikati ya ile dawa kulitokea jambo. Nyanya sokoni zilianza kuonekana rangi moja na viazi. Pilipili mbichi na pilipili iliyoiva zikawa ndugu wa tumbo moja. Nikajiambia ni uchovu, utapita. Sikumwambia daktari. Ndugu zangu, nawaambia, fundi rangi kwenda kusema kwamba rangi zimemkimbia ni kama mwimbaji kutangaza kwamba amekuwa kiziwi. Nilinyamaza. Nilipokuja kusema baadaye, daktari alisikitika sana. Alisema kuna kidonge kimoja ambacho kwa watu wachache hugusa mshipa wa jicho, na kama ningewahi kumwambia angekibadilisha. Herufi, ambazo nazo zilikuwa zimefifia, nilirudi kuziona vizuri. Bluu ninayo, njano ninayo. Nyekundu na kijani havikurudi hadi leo. Kwangu vyote viwili ni matope.

Sasa sikilizeni nilivyoanguka.

Kulikuwa na mzee mmoja mwenye boti, mshabiki wa ile timu ya mpira ya njano na kijani, tena mshabiki wa kulia mbele ya redio. Akaniambia, "Fundi, mwaka huu nataka waliovaa nyekundu wakiiona boti yangu waumwe tumbo. Mkanda njano, ubavu kijani." Nikamjibu, "Mzee wangu, nenda ukanywe chai." Makopo yangu hayakuwa na karatasi, yalikuwa yamemwagikiwa rangi kwa miaka. Nikachukua lile nililozoea kuliweka mkono wa kushoto. Nikapaka ubavu mzima, kwa ustadi, bila hata mchirizi.

Mzee aliporudi alisimama. Akaiangalia boti yake toka mbele mpaka nyuma. Wachukuzi ndio walioanza kusema.

"Jamani, mzee kahama timu!"

"Karibu kwetu baba, tumekungoja sana!"

Mzee akanigeukia. "Fundi, umenivalisha jezi ya adui. Mimi nimekukosea nini?"

Na mimi, badala ya kusema ukweli, nikasema, "Ni kijani hiyo mzee. Subiri ikauke."

Ninyi mnacheka leo. Siku ile Kibirizi ilicheka mpaka akina mama wakaacha kuanua dagaa. Tangu hapo nikipita, mtu lazima apaze sauti: "Fundi, imekauka?" Wenye boti wakahamia kwa wengine. Nikawa mtu wa kukaa mlangoni, namwangalia mama watoto akitoka asubuhi na beseni lake la dagaa kichwani, mimi nimebaki na brashi zinazokauka. Mwili ulikuwa umepona, na mimi sikujua niupeleke wapi.

Wakati huo mjini kulikuwa na kituo cha kufundisha kompyuta, kimefunguliwa na watu wa dini. Wanafunzi walikuwa wenyeji wachache, na wengi wao wakimbizi wenye kibali cha kukaa mjini, wa Burundi na wa Kongo. Mwalimu alikuwa kijana wa hapa hapa. Niliwahi kumchorea kibao cha duka la baba yake, na alikumbuka jinsi nilivyokuwa nazipa rangi majina: tumbo la samaki mgebuka, udongo wa Kalinzi. Hakuwa amesikia habari za boti. Akanifuata nyumbani.

"Mzee, nina kazi ya majina na rangi. Nimekufikiria wewe."

Nikamwambia, "Umefikiria vizuri." Moyoni nilikuwa nimekufa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kuna programu ya kuandikia maagizo ya kompyuta. Hayo maagizo mwalimu aliyaita msimbo. Ukiandika, programu yenyewe inayapaka maneno rangi, ya aina hii hivi, ya aina ile vile, ili jicho lisipotee. Kila aina ina jina lake kwenye faili moja, kushoto jina, kulia rangi. Lakini majina yalikuwa ya Kiingereza, na darasa lile la Kifaransa na Kirundi na Kiha lilikutana kwenye Kiswahili tu. Mwalimu alitaka majina ya Kiswahili. Msimamizi wa kituo angekuja kuangalia, na darasa likienda vizuri ningeajiriwa pale. Lisipoenda vizuri, Kiingereza kingerudi na mimi ningerudi mlangoni kwangu.

Mimi nikakubali. Ningekataaje? Nilikaa na mwalimu mbele ya kioo cha kompyuta, namuuliza kijanja, "Hii wewe unaionaje?" Akisema nyekundu, naitikia kama mtu anayepima, "Mmh, nyekundu ya nyanya." Akisema kijani, nasema, "Jani la muhogo." Nikajaza majina yote namna hiyo. Mwalimu akafurahi, na mimi nikaanza kuamini kwamba nimepita.

Siku ya msimamizi ikafika. Mama mmoja mpole, amevaa miwani, akakaa nyuma. Mwalimu akaanza: "Angalieni neno la nyekundu ya nyanya." Wote wakainama. Mambo yanakwenda. Kisha msimamizi akasema jua la dirishani linamchoma macho kwenye kile kioo cheupe, haoni vizuri, je, hakiwezi kugeuzwa kiwe cheusi? Mwalimu akawaonesha pa kubonyeza, kila mmoja akachagua giza lake, vioo vyote vikawa vyeusi. Sasa ndugu zangu, mimi sikujua, na mwalimu kwa furaha yake alisahau: kioo kikiwa cheusi, programu inabadilisha rangi zote.

"Tuendelee na nyekundu ya nyanya," akasema mwalimu.

"Haipo," akasema mmoja.

"Kwangu kuna bluu."

"Mimi nina zambarau, mwalimu. Nyanya gani ya zambarau?"

Mbele yangu alikuwa amekaa dada mmoja wa Burundi, mshonaji nguo huko kwao, mwanamke asiyejua kunyamaza. Akaniita. "Fundi, wewe ndiye mwenye majina. Njoo unioneshe hiyo nyanya kwenye mashine yangu."

Nikainama. Nikaweka kidole kwenye neno moja, kwa ujasiri kabisa.

"Hilo ni jeupe," akasema.

Nikahamisha kidole.

"Hilo nalo ni kijani. Fundi, unaona kweli wewe?"

Pale nyuma kulikuwa na kijana mmoja wa Kibirizi. Sikuwa nimemwona. Akapaza sauti: "Subirini ikauke!"

Wakacheka waliojua na wasiojua. Nilikuwa na uongo mwingine tayari mdomoni, nilitaka kusema mashine ni mbovu. Nikamwona mwalimu amesimama pale, kijana aliyenifuata mpaka nyumbani, anaumbuka kwa ajili yangu. Ule uongo ukagoma kutoka.

Nikasema, "Siioni. Nyekundu siioni, na kijani siioni. Tangu niugue. Hayo majina nilimuuliza mwalimu, nikayapamba."

Msimamizi akavua miwani. Nikajua imekwisha, nikatafuta kofia yangu.

Yule dada akaniuliza, si kwa dhihaka, kama anavyouliza mtu bei, "Sasa kwa nini unaliita neno kwa kitu usichokiona? Hata sisi tunaoona, imebadilika hapa hapa. Hilo neno lenyewe kazi yake nini?"

Mwalimu akajibu, "Linaiamuru kompyuta. Linaiambia, ikiwa hivi, fanya vile."

"Ego," akakubali kwa Kirundi, "basi ndiyo hiyo. Liite amri. Rangi kila mtu atapaka anayoitaka."

Ndugu zangu, mkaa! Nilisimama katikati ya darasa lile nikauona mkaa wangu. Miaka yote ile sijawahi kuandika "njano" juu ya mkanda wa boti. Naandika mkanda! Mkanda ni mkanda hata ukipakwa lami. Nikaiacha kofia. Nikaenda ubaoni bila kuombwa, nikachukua chaki nikaandika AMRI, nikamgeukia mwalimu.

"Niambie nyingine. Usiniambie rangi, niambie kazi."

Akasema kuna maneno ambayo kompyuta inayapeleka tu yalivyo, haiyafungui wala haiyaelewi. Nikaandika MZIGO. Mimi ni mtoto wa mchukuzi, nani anajua mzigo kunizidi? Akasema kuna ambayo mwandishi amevibatizia vitu vyake mwenyewe. JINA. Kuna namba, hiyo ni NAMBA, wala hatukupoteza muda. Akasema kuna maneno ambayo kompyuta inayaruka kabisa, mwandishi anamwachia mwandishi mwenzake.

"Mnong'ono," nikasema.

Msimamizi akakohoa kidogo. "Hilo si la kitaalamu, baba. Wataalamu wangesema maelezo."

"Lakini mimi nimelielewa, mama," akasema yule dada. "Maelezo yako kila mahali, hata kwenye chupa ya dawa."

Wakabishana pale, Warundi, Wakongo na Waha, nani asema maelezo, nani asema mnong'ono, na hakuna aliyekumbuka tena kunicheka. Mwalimu akakaa kwenye kompyuta, akafuta nyanya zangu zote na majani yangu ya muhogo, akaweka majina mapya upande wa kushoto. Kisha akaniuliza, kama mimi nilivyowauliza wenye boti maisha yangu yote.

"Amri?"

"Bluu," nikasema. "Na herufi ziwe nene."

"Mzigo?"

"Njano."

"Mnong'ono?"

"Uinamishe. Herufi zilale upande."

Akabonyeza. Nikaona. Sijui niwaelezeje. Yale matope yakatengana, kila neno likasimama mahali pake, nikausoma ule mstari kutoka mwanzo mpaka mwisho bila kumuuliza mtu. Msimamizi alinyoosha mkono, akasema nije wiki inayofuata, na nije na neno langu lile lile, mnong'ono.

Msimbo wenyewe nikajifunza hapo hapo, na leo nafundisha pale, mimi wa darasa la nne. Nyumba za wageni zinazoonekana kwenye simu zenu, baadhi ya kurasa zake nimeandika mimi, na ni nzuri, nendeni mkaangalie.

Namshukuru Mungu. Namshukuru daktari ambaye hakunigombeza. Mwalimu wangu namshukuru, na yule dada pia, alisharudi kwao Burundi na bado ananitumia salamu za amahoro, yaani amani, na kuniuliza kama nimejifunza kushona. Hata kijana wa Kibirizi namshukuru. Bila mdomo wake ningeendelea kudanganya.

Ninyi mnaomeza dawa, mezeni mpaka mwisho, msiache hata siku moja. Ila jicho likibadilika, mwambie daktari siku hiyo hiyo, usijifanye fundi kama mimi. Na kama ugonjwa umekuachia pengo, litaje mbele ya watu. Mimi niliogopa kwamba nikilitaja sitapata kazi tena, na kazi nimeipata dakika ile ile nilipolitaja.

Mama watoto yuko pale nyuma. Ndiye aliyetulisha miezi yote ile, na hakuniuliza hata mara moja kama imekauka. Simama wakuone. Hataki. Basi mpigieni makofi hivyo hivyo akiwa amekaa.