Mama Hilda Bartolomayo na Mashine Iliyongoja Kibali

Msimu wa karanga wa mwaka 1963 ulikuwa mwema Buigiri. Hilda, akiwa na miaka tisa, alikaa jikoni akimtazama mama yake akichemsha karanga zilizotwangwa hadi mafuta yakaelea, akayaengua kwa upawa. Nyumba nzima ilinukia. Siku hiyo Hilda alisema kwamba akikua atakamua mafuta yake mwenyewe, awauzie watu.

Alizaliwa tarehe 12 Machi 1954, kifungua mimba wa Mzee Bartolomayo na Mama Ruthu. Alisoma shule ya misheni, kisha chuo cha ualimu, akahitimu mwaka 1975. Alifundisha sayansikimu Chamwino hadi alipostaafu mwaka 2014.

Tarehe 16 Desemba 1978 alifunga ndoa na Bwana Abeli, fundi seremala, mtu wa maneno machache. Mwaka 2018 kiinua mgongo cha Mama Hilda kilinunua mashine ya kukamua alizeti, na Bwana Abeli akaijengea banda nyumbani kwao Miyuji.

Ndipo walipoanza kutafuta kibali cha kukamua mafuta ya kuuza. Ofisi moja ilidai karatasi ya ofisi ya pili. Ya pili ikasema haitoi yake kabla ya kuiona ya kwanza. Mwaka huo huo mdogo wake Mama Hilda, Erica, aliyeolewa Kigali, aliomba kibali huko na kufungua duka la mikate kabla wiki haijaisha. Mpwa wao Stanley alifungua gereji Lusaka ndani ya mwezi mmoja.

"Dada, hamia huku," Erica alimwambia kwa simu.

"Na mashamba ya alizeti ya Chamwino niyabebe kichwani?"

Walicheka sana. Miaka ilivyozidi kwenda, Erica akaacha kuuliza habari za kibali.

Bwana Abeli alifariki mwaka 2019 bila kuisikia mashine ikinguruma. Mama Hilda aliendelea kwenda ofisini peke yake.

"Shikamoo mama," kijana wa mapokezi alimwamkia siku moja.

"Marahaba, baba. Kibali changu?"

"Bado, mama. Mkubwa yuko semina."

"Semina ya nini tena?"

"Wanalinganisha nchi, ipi inawahi kuruhusu biashara mpya."

"Akirudi mwulize sisi tumekuwa wa ngapi."

Jirani yake, Mwajabu, alimsihi mara nyingi. "Mwalimu, iwashe tu! Nani atakuja kuchungulia?"

"Nimewakataza watoto wa watu kuibia mtihani, leo niibie mimi?"

Kila mavuno alitenga gunia moja la alizeti kwa ajili ya mkamuo wa kwanza. Kila mwaka mbegu ziliharibika, akatenga gunia jingine.

Mwaka 2024 aliugua figo. Alifariki nyumbani, Alhamisi tarehe 21 Agosti 2025, saa nane mchana. Kibali hakijatoka mpaka leo tunapomzika, na katika hilo familia haina la kujifariji.

Ameacha watoto wawili, Ernest na Evelina, wajukuu watano, na mdogo wake Erica. Mungu ampokee leo hii, asimwambie arudi kesho, naye apumzike kwa amani.

Asubuhi ya siku aliyofariki alimwita Evelina. Alimwambia kwamba gunia la mwaka huu lisiwekwe bandani, apelekewe Mwajabu awape kuku wake. Kisha akampa ufunguo wa banda.