Dakika Moja ya Fundi Sikio

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo mtanivumilia. Sauti yangu mnaijua, na leo haiko sawa. Mwenzangu wa mitambo, huko nyuma ya kioo, ameshanionyesha kwa mkono kwamba niisogelee maikrofoni. Nimeisogelea.

Tunamkumbuka Fundi Sikio. Amefariki. Nalisema neno hilo na bado haliniingii akilini. Fundi Sikio, makanika, mwenye miaka hamsini na tisa, alifariki Alhamisi ya wiki iliyopita, alasiri, ndani ya stoo alimokuwa akifufua gari la zamani. Jumamosi iliyofuata, saa kama hizi, ilikuwa awe hapa studio, kwenye kiti hiki kilicho mbele yangu, atuhadithie habari za gari hilo. Badala yake, Jumamosi hiyo tulikuwa makaburini.

Mtaani kwake kuna maneno yanasemwa juu ya kifo chake. Maneno hayo si kweli. Anayeujua ukweli ni mimi, na mkewe amenitaka niuseme hapa hapa, kwa redio hii hii, kwa mdomo wangu. Nitausema. Lakini kwanza mjueni mwenyewe, maana mtu si kifo chake.

Fundi Sikio aliitwa hivyo kwa sababu ya namna yake ya kufanya kazi. Ukimpelekea gari, hakukuuliza lina tatizo gani. Alikwambia, "Washa, kisha unyamaze." Akachukua bisibisi ndefu, ncha akaiweka kwenye injini, mpini akautia sikioni. Akafumba macho. Mafundi wengine walifungua kwanza, ndipo watafute ugonjwa. Yeye alisikiliza. Wateja wapya walimcheka, wakasema huyu anaongea na chuma. Akiinuka anakwambia, "Beringi ya pampu ya maji, na wewe unaendesha kwa hasira." Yote mawili yalikuwa kweli.

Sasa gari lenyewe. Ni gari dogo la milango miwili, rangi ya maziwa, paa jeusi. Ni la mkunga mstaafu ambaye mtaa mzima humwita Bibi Mkunga, na sasa ana miaka themanini na tatu. Zamani, mama akishikwa na uchungu, hawakutafuta teksi. Walikwenda kumgongea Bibi. Binti mkubwa wa Fundi Sikio alizaliwa kwenye kiti cha nyuma cha gari hilo, hatua chache kabla ya lango la hospitali. Binti huyo sasa ana miaka ishirini na nane, na aliniambia, "Baba alikuwa akinitania kwamba mimi sikuzaliwa, nilishushwa kituoni."

Gari liliharibika gia mwaka mmoja baada ya hapo. Likasukumwa stoo. Likakaa humo miaka ishirini na saba. Nasema tena: miaka ishirini na saba, bila kuwashwa hata mara moja.

Mwaka jana ndugu wa Bibi walitaka kuliuza kama chuma chakavu. Fundi Sikio akapata habari, akaenda, akakuta vijana wa chuma chakavu wameshafika na mashine ya kukatia. Akasimama mlangoni. Mkewe, ambaye ni fundi cherehani, anasimulia, "Aliwaambia, kateni, lakini anzeni na mimi. Nikasema moyoni, jamani, mume wangu amepata wazimu, tena mbele za watu."

Bibi Mkunga macho yake hayaoni vizuri siku hizi. Alisema tu, "Mwachieni. Kuliona siwezi tena. Lakini nikilisikia litanitosha."

Basi hiyo ndiyo ikawa kazi. Bibi alisikie gari lake.

Nilikwenda kuliona wiki tatu kabla ya msiba, na ndivyo tulivyofahamiana. Alinionyesha kila kitu kama mtu anayemwonyesha mgeni watoto wake. Panya walikuwa wamezaa ndani ya viti. Nyaya walizitafuna zote. Injini ilikuwa imeganda, haizunguki hata kwa spana. Mtu mwenye pupa angeifunga kamba nyuma ya lori aivute, na angeivunja. Yeye alitoa plagi, akamimina oili kwenye matundu yake, akangoja. Kila asubuhi, kabla ya chai, alikwenda kuijaribu kwa mkono, taratibu, kisha akaiacha. Siku tisa. Siku ya kumi ikasogea upana wa kidole, na akarudi nyumbani mbio kuwaambia, kana kwamba mgonjwa amefumbua macho.

Tangi la mafuta lilikuwa limejaa kutu. Akatia kokoto na kipande cha mnyororo ndani, akakaa chini, akalitikisa kutwa nzima. Majirani walidhani amefungua shule ya ngoma. Viti vilishonwa upya na mkewe, kwa mkono wake. "Nilikuwa namshonea mke mwenzangu," aliniambia, na alikuwa akicheka aliposema hivyo. Siku hiyo alikuwa bado anacheka.

Nikamwomba Fundi aje kipindini pamoja na Bibi Mkunga. Waje ndani ya gari hilo hilo. Akafurahi. Na mimi, mtu wa redio, nikamwomba kitu kimoja zaidi. Nikamwambia, nirekodie mlio wa injini kwa simu yako, dakika moja tu, tufungulie kipindi.

Jumatano alinitumia. Nikasikiliza. Jirani na stoo pana karakana ya seremala. Injini ilisikika, lakini msumeno ulisikika zaidi, na pikipiki zikipita, na mtu akimwita mwenzake ng'ambo ya barabara. Sisi wa redio tuna ugonjwa wetu. Kelele hatuzipendi. Kabla ya kurekodi chochote tunafunga milango, ni mazoea, hata hatufikiri. Nikampigia.

Nikasema, "Fundi, injini tamu, lakini msumeno umeipiku. Hebu funga milango, urudie."

Akasema, "Mtangazaji, injini haiwashwi milango imefungwa. Kwangu hiyo ni sheria."

Nikasema, "Dakika moja tu, Fundi. Dakika moja."

Kisha akacheka. "Haya. Dakika moja, kwa heshima ya redio."

Wasikilizaji wapendwa, hayo ndiyo niliyotakiwa kuyasema. Mimi ndiye niliyemwomba afunge milango. Si mwingine. Ni mimi.

Alhamisi alifunga milango miwili ya bati. Matundu ya juu ya ukuta alikuwa ameshayaziba kwa magunia tangu mwanzo wa wiki hiyo, vumbi lisishike kwenye rangi mbichi. Akawasha gari. Akarekodi. Moshi wa injini una sumu isiyo na rangi wala harufu. Haikufanyi ukohoe, haikuwashi macho. Inakulegeza tu, unaona usingizi.

Saa tisa na nusu mkewe aliona chakula kimepoa na mwenyewe hajaja. Akaenda stoo. Akakuta milango imefungwa, injini inanguruma ndani. Aliifungua, akamkuta mumewe ameinama juu ya injini, boneti iko juu, bisibisi iko mkononi. Akazima gari. Akapiga kelele. Seremala na watu wake wakambeba hadi hospitali. Walipofika, daktari alisema amekwisha kufa.

Amekwisha kufa. Mtu niliyezungumza naye jana yake. Hakuwa mgonjwa. Hakuwa na homa, hakuwa na presha, alikuwa na gari la kumalizia.

Siku ya mazishi nilisikia minong'ono. Watu wanasema, milango ilifungwa, matundu yamezibwa, tena na mtu anayeijua hatari hiyo kuliko wote. Wanasema alijitakia. Wengine wanasema hawakuelewana nyumbani. Mkewe amekaa katikati ya maneno hayo siku mbili, akiuliza swali moja kwa kila aliyekuja kumpa pole: "Kwa nini alifunga? Miaka thelathini sijamwona akifunga. Kwa nini?"

Mimi nilikuwa nimekaa hatua nne kutoka kwake. Jibu ninalo mfukoni. Nilitamani ardhi ipasuke.

Nilimwambia Jumapili. Nilimweleza yote, mbele ya binti yake. Hakulia. Nikasema lile tunalolisema sote, nikasema mama, ajali haina kinga. Akanijibu, "Hii ilikuwa na kinga. Kinga yake ni mlango."

Majuto ni mjukuu, wasikilizaji, na mjukuu huyu nitaishi naye.

Kisha binti akaleta simu ya baba yake. Rekodi imo. Mimi niliomba dakika moja. Rekodi ni ya dakika arobaini na moja. Tuliisikiliza pamoja, sisi watatu. Sitairusha hewani, familia haitaki, na mimi pia sitaki. Lakini wameniruhusu niwaambie anachosema.

Mwanzoni anasema, "Mtangazaji, dakika yako hii hapa." Injini inalia, vizuri, laini. Dakika inapita. Unasikia viatu vyake vikienda mlangoni. Anakwenda kufungua, jamani, anakwenda kufungua! Halafu viatu vinasimama. Anasema, "Mh. Ngoja kwanza." Viatu vinarudi. "Valvu ya tatu hiyo. Inagonga." Mimi nimesikiliza mara kumi, sisikii mlio wowote wa kugonga. Yeye alisikia. Na sikio lile halikuweza kuuacha mlio ule upite. Anasema, "Bibi akija keshokutwa asikie injini, asisikie bati." Unasikia spana. Unasikia anapiga mluzi. Baadaye mluzi hausikiki tena.

Mtu aliyejitakia kifo hapangi habari za kesho. Hatengenezi valvu.

Bibi Mkunga ameambiwa. Alisema, "Niliomba kusikia gari. Sikuomba hili."

Kwa mke wa marehemu, kwa binti zake na wote waliokuwa wakimtegemea, sisi wa redio hii tunatoa pole. Najua pole yangu mimi ni nzito kupokelewa. Niliomba msamaha, sikupewa. Mama aliniambia msamaha hajaufikia, na ana haki. Kwenu wengine, wenye magari, wenye jenereta, wenye majiko ya mkaa: mtu anayeijua kazi yake akikwambia hapana, usimbembeleze. Na wewe unayeijua kazi yako, usiivunje sheria yako kwa heshima ya mtu. Mtu huyo atabaki hai, akieleza.

Mama aliniambia hataki nimsomee risala ya sifa. Alisema leo ataiweka redio dirishani, upande wa barabara, kwa sauti ya juu, kila apitaye asikie.

Basi mama, ongeza sauti. Enyi majirani mnaopita hapo, simameni kidogo. Fundi Sikio hakujiua. Milango ile nilimwomba mimi aifunge, naye mara ya kwanza alikataa.