Kitabu Ambacho Mzee Rabson Hakukiandika: Wasifu wa Dkt. Eliakim Nzowa (1961–2025)

Dkt. Eliakim Lwitiko Nzowa alizaliwa Hasamba, wilayani Mbozi, tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu wa mzee Lwitiko na mama Marita, wakulima wa kahawa na mahindi. Mama yake alisema mtoto huyo alijifunza kuhesabu kwa kuchambua buni mbovu, na hakuacha kuchambua.

Alisoma shule ya msingi Hasamba, 1969 hadi 1975, sekondari Mbeya, na shahada zake alizipata Morogoro. Alikuwa mtafiti wa kahawa, na kuanzia 2015 mhariri wa jarida la kitaaluma la zao hilo.

Tarehe 12 Agosti 1989 alifunga ndoa Mbozi Mission na mwalimu Tupokigwe, ambaye alisahihisha rasimu zake zote kwa kalamu nyekundu, isipokuwa moja.

Hiyo moja, mwaka 2024, aliipa programu ya akili unde imnyooshee Kiingereza. Humo alikuwa ametaja maneno ya jirani yake, mzee Rabson, kuhusu kupogoa mibuni. Mashine ikamgeuza mzee kuwa mwandishi wa kitabu cha mwaka 1998, chenye mchapishaji na kurasa. Makala ikatoka hivyo jaridani. Eliakim alikuwa na desturi ya kumsomea kila mkulima makala alimotajwa. Alipofika kwenye marejeo, mzee alimkatiza: "Dokta, kumbe nimeandika kitabu? Mbona hata mke wangu hajaniambia?"

Walicheka mpaka chai ikapoa. Kisha Eliakim akaenda nyumbani kumweleza mkewe.

Hakuna mwingine aliyekuwa amegundua. Mkewe alimshauri: "Baba Tumaini, rekebisha kimyakimya. Jina la nyumba hii limejengwa kwa miaka mingi."

"Mama Tumaini, mimi nimewarudishia watu makala kwa kosa hilihili. Nikijificha, hilo jina litabaki la nini?"

Wiki hiyohiyo aliiondoa makala yake na kuchapisha sababu. Tangu hapo kila aliyeleta kazi kwake alieleza ametumia mashine wapi, na kuthibitisha kwamba kila chanzo amekisoma kwa macho yake. Wanaosema alikamatwa wajue leo: alijishtaki mwenyewe. Makala iliyosahihishwa ilimtaja mzee kama mkulima, na mzee ameibandika sebuleni.

Maradhi ya figo yalimwanza Machi 2025. Alitibiwa Vwawa na Mbeya, akihariri kitandani. Alimsihi mkewe asiache kulitaja kosa lile katika wasifu: "Ukiliruka, utakuwa umemzika mtu mwingine." Alifariki Jumanne, tarehe 4 Novemba 2025, saa tatu asubuhi.

Ameacha mjane, watoto wawili, Tumaini na Erica, wajukuu watano, na dada yake Imelda.

Alale salama mikononi mwa Bwana. Jina lake ameliacha safi.

Katika wasifu huu mashine imetumika kuchapa tu. Vyanzo ni mjane wake na mzee Rabson. Wote wawili wapo hapa, na wanaweza kuulizwa.